Mtu Mwema Ndani ya Hadithi: Mhadhara kwa Wasomaji wa Mandawa

Huku kwetu kusini ukoo mmoja una shehe na katekista, na siku ya msiba wote wawili wanakaa mkeka mmoja.

Najua vilevile kwamba ukimwambia mtu wa rika langu kuna mhadhara, anageuka kutafuta vipaza sauti viko wapi. Tunaikumbuka mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 1980 na 1990. Msemaji alikuwa na Biblia na Kurani mezani, anafungua hapa, anafunga pale, na umati unashangilia kila imani ya jirani ilipoangushwa chali. Watu walirudi nyumbani wamefurahi sana. Sikumwona aliyerudi akiwa mpole zaidi kwa jirani yake.

Leo sikuja kulinganisha aya. Nimekuja na hadithi, kwa sababu ugonjwa ule wa uwanjani naujua umo pia vitabuni, na dawa yake imo humohumo. Mtu anapoamini kwamba imani yake, sala zake au usafi wa mwenendo wake vimempandisha juu ya wenzake, hachelewi kuona raha wenzake wanapoanguka. Hadithi inaweza kuikuza raha hiyo au kuitia aibu. Mimi nina kipimo kimoja cha kutambua hadithi inafanya lipi kati ya hayo. Shuleni tumezoea kuuliza: mwovu amefanywa nini mwishoni? Ameadhibiwa? Ametubu? Mimi namtazama mwema. Mwandishi amemfanya nini mtu wake mwema? Amemwacha amekaa juu kama alivyomkuta, au amemteremsha akae chini na wengine?

Nianze na kitabu ambacho wengi humu mlikisoma mkiwa watoto, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Adili ni liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Jina lake limekwisha kutueleza tabia yake. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anafika Janibu kwa ajili ya kodi iliyochelewa, na usiku anaona jambo ambalo akili inalikataa. Mwenyeji wake, mtu yule mpole, anawaendea manyani wawili waliofungwa, anawachapa kwelikweli, na huku anawachapa machozi yanamtoka. Akimaliza anawalisha na kuwabembeleza. Usiku unaofuata anarudia.

Manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa husuda. Huria, binti wa kijini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyemtoa majini, akawageuza nduguze kuwa manyani, akaamuru wachapwe kila usiku. Adili akikaidi, kipigo kitamrudia yeye.

Hebu tusimame hapa. Adili ana kila sababu ya kufurahi. Waliomtenda unyama wamekuwa wanyama kweli, na fimbo imewekwa mkononi mwake na nguvu iliyo kubwa kuliko yeye. Hakuna atakayemlaumu. Msimulizi wa kawaida angetuachia tupige makofi, na sisi tungeyapiga. Shaaban Robert anatunyima nafasi hiyo. Anaitoa adhabu mbele ya macho yetu, lakini jicho la hadithi analielekeza usoni kwa mchapaji, na uso huo umelowa. Anayechapwa analia, anayechapa analia. Kwa muda wa ukurasa mzima hujui nani kati yao yuko katika hali mbaya zaidi. Mimi sijui picha nyingine katika nathari ya Kiswahili inayosema kwa nguvu kama hiyo kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado asiione tamu.

Kisa hiki Shaaban hakukiumba chote mwenyewe. Mifupa yake imo katika Alfu Lela U Lela, katika kisa cha Abdullah bin Fadil na nduguze. Kule mfalme ni Harun al-Rashid, na ndugu waligeuzwa mbwa. Sasa sikilizeni tofauti iliyopo mwishoni. Katika kisa cha zamani, ndugu wale wakisharudishiwa umbo la kibinadamu, husuda inawarudi vilevile. Wanamgeukia Abdullah kwa mara nyingine wamwue, na mwisho wao ni kuuawa. Kisa kinatuaga kikisema kwamba mwovu ni mwovu, na waliomhurumia walijisumbua bure. Shaaban Robert amekifuata kisa hicho hatua kwa hatua: bahari, mji uliogeuka mawe, binti wa kifalme, jini, mfalme anayeuliza maswali. Akifika mahali pale anaachana nacho. Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na kitabu kinawaacha hai miongoni mwa watu.

Uamuzi huo mmoja wa mwandishi naupa uzito kuliko mawaidha yote yaliyomo kitabuni, na tusifichane, mawaidha yamo tele. Marehemu mzee wetu Shaaban alipenda kupanda mimbari. Kuna kurasa anazosimamisha safari ili atusomee khutuba, na mwanafunzi wa leo anaziruka. Lakini mpango wa hadithi unajua zaidi ya khutuba zake. Khutuba inasema wema hushinda uovu, jambo ambalo hata mtoto amelisikia. Hadithi inasema kwamba mwema aliyeshinda hakulala usingizi mpaka walioshindwa wakaachiliwa.

Hadithi ya pili ina undugu na huku kwetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, kwa Kiswahili chao wenyewe. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, huyohuyo Steere alisafiri bara ya kusini na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwasogeza kuelekea Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi wakakaa, na ndio mwanzo wa misheni ya Masasi, majirani zetu. Kwa hiyo mtu aliyepanda ile mbegu ya Kanisa huku alikuwa amekwisha kukaa miaka akiwasikiliza Waislamu wa Unguja wakimsimulia habari za masultani na majoka.

Katika hadithi hizo mna kisa cha Sultani Darai. Ndani yake yumo maskini mmoja, Hamdani, anayechakura jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota kisarafu, ananunua paa. Paa yule anamwozesha binti wa sultani, anamwua joka mwenye vichwa saba, anampa Hamdani nyumba ya joka na mali yake yote. Kisha paa anaugua. Mke anamlilia mumewe akamwone. Hamdani anajibu kwa maneno ya mtu aliyezaliwa kwenye kitanda cha dhahabu: huyo ni paa tu, mpikieni uji wa mtama mwekundu. Hata kumtazama hataki. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo zaidi kuliko ugonjwa, anatupwa kisimani, nchi nzima inamlilia. Hamdani analala kitandani pake, na akiamka yuko jaani anachakura.

Watu husema kisa hiki ni cha utovu wa shukrani. Ni kweli, ila mimi nakiona kina jambo kali zaidi. Hamdani hakuwa mtu wa juu tangu asili. Aliinuliwa. Na aliyeinuliwa ndiye aliye katika hatari kubwa, kwa sababu anaogopa kukumbushwa jaa. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu tuliookoka, tuliotubu, tuliohiji au tulioacha pombe mwaka juzi. Hatuna ukali kwa mtu yeyote kama tulio nao kwa yule anayeishi leo kama tulivyoishi jana.

Hapo ndipo nakuja kwa mchungaji mmoja wa riwayani, wa Afrika Kusini, na mtanisamehe nikikaa kwake kidogo.

Wazee mliokuwa vijana wakati wa uhuru mtamkumbuka Askofu Trevor Huddleston. Alikuwa askofu wa Anglikana wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, na dayosisi yake ilifika upande wetu huu, enzi ambazo Ruangwa yetu, yenye Mandawa hii, haikuwa bado wilaya inayojitegemea. Kabla ya kuja huku alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, akipambana na ubaguzi wa rangi. Sasa, mwaka 1948 mwandishi Alan Paton alitoa riwaya ya Cry, the Beloved Country, na ndani yake yumo padri Mwingereza aitwaye Vincent, mpole, anayekaa kwenye nyumba ya misheni palepale Sophiatown. Wasomaji wengi wamemwona Huddleston ndani ya Padri Vincent. Ikiwa wana haki, basi mtu aliyewahi kukaa ndani ya riwaya kubwa ya Afrika alikuja baadaye kubatiza na kuzika watu wa kusini ya Tanganyika.

Mhusika mkuu wa riwaya hiyo lakini si Vincent. Ni Mchungaji Stephen Kumalo, mzee wa kijiji cha Ndotsheni, Mwafrika, maskini, mnyenyekevu. Anakwenda Johannesburg kumtafuta dada yake Gertrude, aliyepotelea kwenye biashara ya pombe na ya mwili, na mwanawe Absalom, ambaye barua zake zimekatika. Anamkuta dada amechafuka na mwana ameua mtu. Ungetegemea mwandishi Mkristo atumie maafa hayo kumtukuza mchungaji. Paton anafanya kinyume. Kila maafa yanapoongezeka, ndivyo anavyotuonyesha kasoro ya mtu wake mwema, na kasoro hiyo ni ukatili wa ulimi.

Kuna tukio ambalo kila msomaji wa riwaya ile hulikumbuka. Absalom yuko gerezani. Ameacha msichana mdogo, mjamzito, asiye na mtu. Kumalo anakwenda kumwona, na kwa kuwa moyo umejaa uchungu anaanza kumhoji kama hakimu: umekaa na wanaume wangapi, na huyu ukimpoteza utamtafuta mwingine? Maswali yanazidi kuwa machafu, hadi mzee yule mchungaji anamwuliza binti kama angekubali hata yeye. Binti, kwa kuchanganyikiwa na kuchoka, anajibu jibu la mtu asiye na pa kukimbilia. Na hapo Kumalo anajiona. Anafunika uso. Aliyekuja kumpima mwenzake amepimwa yeye. Anaomba radhi, na kuanzia hapo anamchukua yule binti kuwa mwanawe.

Si mara moja. Mbele kidogo anakwenda kwa ndugu yake John, tajiri mwenye maneno mengi, ambaye mwanawe ameponea kitanzi huku Absalom akienda kufa. Kumalo anajidanganya kwamba anakwenda kumwonya ndugu yake. Ukweli ni kwamba anakwenda kumwumiza, na anamwumiza kwa uongo, anamtia hofu ya msaliti ambaye hayupo. Mlango unafungwa nyuma yake, naye anabaki barabarani na aibu yake. Dhambi ya padri huyu haiko kwenye chupa wala kwa wanawake. Iko kwenye ulimi, na kila mara inatoka wakati ambapo ana haki ya kukasirika. Paton alijua alichokifanya. Kama angemfanya Kumalo mlevi, sisi waumini tungemsamehe haraka kisha tukaendelea na ukali wetu.

Nimekaa kwa Kumalo kwa sababu hapa kwetu riwaya za namna hiyo hatuna nyingi, yaani riwaya ambamo mtu wa dini anaoneshwa akikosea katika lile analojivunia. Tunao wengi wanaooneshwa kuwa wanafiki. Shehe mlafi, padri mzinzi, mchungaji mwizi wa sadaka: hao wamejaa. Lakini kumchora mnafiki ni kazi rahisi, na msomaji anamaliza kitabu akijiona bora kuliko shehe na padri. Amehama tu kiti, kimo ni kilekile.

Hata waandishi wakubwa wameanguka hapo. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa mwaka 1965 riwaya ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Njia Panda. Joshua, mhubiri wa Makuyu, anamkana binti yake Muthoni kwa sababu ameamua kupitia tohara ya mila ya Wagikuyu, na Muthoni anapokufa kwa jeraha lile baba anabaki mkavu. Nyuma ya kisa hicho mna historia ya kweli, ule mgogoro wa 1929 kati ya misheni na Wagikuyu juu ya tohara ya wasichana, uliogawa makanisa na shule. Riwaya ni nzuri, Muthoni ni mmoja wa wahusika wanaonigusa sana. Lakini Joshua amepakwa rangi moja. Nikimsoma naona mwandishi anamtazama Joshua kama Joshua anavyomtazama Muthoni: kesi imekwisha.

Na ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo, hapa jirani, jambo kama hilo lilikuwa linakwenda njia nyingine. Vincent Lucas alifika Masasi mwaka 1909, akawa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Wenzake wengi waliona jando na unyago kuwa giza tupu. Yeye na mapadri Waafrika walikaa na wazee, wakaanzisha jando la Kikristo: vijana wakaingia kumbini, wakafundwa, wakatoka kwa shangwe, na msalaba umo. Ni kweli kwamba unyago wa huku haukuwa na kisu kama ule wa Wagikuyu, kwa hiyo Lucas alikuwa na mzigo mwepesi kuliko wamisionari wa Kenya, na haki inataka tuseme hivyo. Ni kweli pia kwamba aliyeamua lipi libaki na lipi litoke alikuwa bado askofu. Huruma inayotoka kwenye kiti cha juu ina mipaka yake. Hata hivyo yule bwana aliteremka akafika kumbini, na hilo si dogo. Nasubiri mwandishi wa Ruangwa au Masasi atakayeandika riwaya ya mzee mmoja wa jando wa miaka ile, aliyelazimika kukaa na padri na kukubaliana naye. Hatujaipata bado, na wajukuu wa wazee hao mmo humu.

Nisiwaonee wamisionari peke yao. Fasihi yetu ya asili ina raha yake ya kufichua. Mwaka 1968 Peter Lienhardt alichapisha utenzi wa Hasani bin Ismail, Swifa ya Nguvumali, unaomsifu mganga Nguvumali aliyevuma mwambao wa kusini katika miaka ya 1950 kwa kuwaumbua wachawi. Ni utenzi mtamu, na lugha yake inapaswa kufundishwa. Lakini utamu wake mkubwa ni ule wa umati kumwona mtu akivuliwa nguo. Mganga yuko juu, mchawi yuko chini, nasi tumesimama upande wa mganga. Kijijini mnajua nini hutokea baada ya mganga kuondoka na ada yake: bibi aliyetajwa anabaki, na nyumba yake inabaki, na watoto wanaambiwa wasipite pale. Hadithi ya bibi huyo haijapata mtenzi.

Aliyekaribia kuwapa watu wa namna hiyo nafasi ni Kezilahabi. Riwaya yake ya Rosa Mistika, ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni, kisha ikarudi na kuwa kitabu cha mitihani. Sina haja ya kuwasimulia: baba mlevi, Zakaria, anayemchapa Rosa kwa barua ya mvulana, Rosa anayelelewa kama mfungwa hadi siku anapopata uhuru asiojua kuutumia, Charles anayemwacha kwa kuwa hakumkuta bikira, na Rosa anajiua. Kisha Kezilahabi anafanya jambo la kijasiri. Anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, na huko wanatupiana lawama. Hukumu iliyokuwa rahisi duniani inakuwa ngumu mbinguni.

Na sisi walimu tunakifanya nini kitabu hicho? Tunaandika ubaoni: "Rosa: mhusika mwovu, hafai kuigwa na jamii." Kezilahabi amemchosha Mungu mwenyewe kwa kesi hii, sisi tumeimaliza kwa mstari mmoja wa chaki. Mtoto wa kidato cha tatu anayeamka saa kumi kutafuta maji, ambaye dada yake amerudi nyumbani na mimba, anasoma mstari ule kisha anarudi nyumbani kumtazama dada yake. Mstari wa chaki umempa macho ya Zakaria.

Nimalizie kwa kitabu kinachotuhusu sisi watu wa bara kuliko vyote. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya 1994, Paradise, imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hatuna tena kisingizio cha kutoisoma.

Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kulipia deni kwa tajiri Aziz. Katika safari za biashara anaachwa kwa muda kwa mfanyabiashara Hamid na mkewe Maimuna, watu wa pwani wanaoishi bara. Hao ni watu wema. Wanamlisha, wanamtunza. Siku moja wanagundua kwamba kijana hajui kusoma Kurani. Nyumba nzima inaingia msiba. Wanamhurumia na kumshangaa kwa pamoja, na Yusuf, ambaye kimwili amekwisha kuwa mtu mzima, anapelekwa chuoni kukaa na watoto wadogo. Gurnah hamfanyi Hamid kuwa mnafiki. Hamid anaamini kweli, na kweli anamtakia kijana mema. Lakini hakuna mtu katika nyumba ile anayekumbuka kuuliza swali lililo wazi: mtoto huyu ameuzwa, nani angemfundisha? Wanaona pengo katika dini yake. Pengo katika maisha yake, ambalo tajiri rafiki yao amelichimba, hawalioni.

Pembeni yao yuko Kalasinga, fundi wa magari, Singasinga, anayetangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili ingawa Kiarabu hajui. Hamid anamwita kafiri, Kalasinga anacheka, wanasafiri pamoja, wanakula pamoja. Ubishi wao ni mkali kuliko ule wa mihadhara ya viwanjani, na hakuna anayeshinda. Gurnah anapenda ubishi wa aina hiyo, naona anauamini kuliko mahubiri.

Halafu msafara wa Aziz unafika ndani kabisa ya bara, kwa mtawala Chatu. Njia nzima wafanyabiashara wamekuwa wakiwaita wenyeji washenzi, wakijihesabia ustaarabu na Mungu. Chatu anawapora. Anapoulizwa, anajibu kwamba kabla yao alikuja mfanyabiashara mwingine akawadhulumu, na kwamba watu wa pwani wamekuja kuwafanya watumwa. Ghafla "mshenzi" ndiye anayeongea habari ya haki, na wenye dini hawana jibu. Nchi yetu hii ilikuwa njia ya misafara ya namna hiyo kati ya Nyasa na bandari za Kilwa na Lindi. Babu zetu ndio waliotazamwa hivyo. Na baada ya misafara walikuja wengine na uhakika wao. Nachingwea inawakumbuka wataalamu wa Mpango wa Karanga wa 1947, waliokuja na matingatinga kutufundisha ardhi yetu, reli ikajengwa kutoka pwani, karanga zikagoma, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli nayo iling'olewa baadaye. Hao hawakuwa wahubiri, lakini mnaijua sauti ile.

Mtu wa bara anaposoma Peponi anapata raha ya kulipa kisasi, na Gurnah anatunyima hiyo pia. Chatu si malaika. Anapiga, anapora, watu wanakufa mikononi mwake. Na Yusuf, ambaye tumempenda toka ukurasa wa kwanza, mwishoni anakimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Hakuna mtu hata mmoja katika riwaya ile ambaye msomaji anaweza kukaa pembeni yake na kuwatazama wengine kwa chini.

Walimu wenzangu, ombi langu ni dogo, na halihitaji kibali cha wizara. Adili na Nduguze ni kitabu chembamba, wanafunzi watakimaliza katika wiki moja. Wakifika pale kwa manyani, msiwaulize Hasidi na Mwivu walistahili au hawakustahili. Waulizeni Adili analilia nini, kisha wapeni muda wabishane, hata kengele ikilia. Na nyinyi wazee wa jando na unyago, wa msikiti na kanisa, kijana akija na daftari kuuliza habari za zamani, msimpe zile tu ambazo nyinyi mlikuwa upande wa haki. Mpeni na zile nyingine, maana hizo ndizo ambazo hatuna hata moja iliyoandikwa kutoka Mandawa.